Mtoto akae mbele: ndono ya Bariadi na udi wetu



Mwezi uliopita alituandikia dada mmoja aliyetoka Unguja kumfuata mumewe Bariadi, alikohamishiwa kikazi. Binti yao yuko darasa la nne. Skuli imewaarifu wazazi kwamba atakuja mzee mmoja wa Kisukuma kuwapigia watoto ndono na zeze, asubuhi, uwanjani chini ya mti, badala ya vipindi viwili. Jirani yake, Muislamu mwenzake, amekwishasema mwanawe siku hiyo hatokwenda. Dada yetu yuko njia panda. Akimzuia, mtoto atabaki ndani peke yake na wenzake wako nje wanacheka. Akimwachia, anaogopa asije akawa amemfungulia mlango asioujua. Akatuuliza: nyinyi mngefanyaje?

Tulikaa wanne tukabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja wetu ni mwalimu wa madrasa, na hakuwa upande mmoja na sisi tangu mwanzo. Tulichokubaliana mwisho ni hiki: mtoto aende, tena akae mbele kabisa, aone vidole vya mzee. Lakini mama aulize mambo mawili kabla ya siku hiyo. Ngojeni tufike huko.

Kwanza Bariadi yenyewe, maana wengi wetu kisiwani tukisikia "bara" tunaona Dar es Salaam tu. Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa wa Simiyu, uliozaliwa 2012 ulipomegwa kutoka Shinyanga. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Busega inagusa Ziwa Victoria, na upande wa mashariki mkoa unapakana na Serengeti. Wakaazi wamepindukia milioni 2, wengi wao Wasukuma, na pamba ya huko ndiyo inayovaliwa na watu wasiojua hata inatoka wapi. Walioifuatilia Nane Nane miaka ya 2018 hadi 2020 watalikumbuka jina la Nyakabindi, pale viwanja vilipo. Waislamu wapo, lakini si kama kwetu ambapo adhana inakuamsha kutoka pande nne. Mama wa Kizanzibari aliyeko kule analea kwa tahadhari zaidi, na hatumlaumu hata kidogo.

Sasa ndono. Ni upinde wa mti wenye uzi mmoja, na kibuyu kilichokatwa mdomo kimefungwa kwenye upinde. Mpigaji hukiegemeza kibuyu kifuani, anaugonga uzi kwa kijiti chembamba, na huku anakisogeza kibuyu: akikibana kifuani sauti inafunga, akikiachia inafunguka. Kifua cha mtu ni sehemu ya ala. Basi hebu fikirini, mtasikia nini cha hayo kwenye spika ya simu? Mtasikia tik-tik ya kijiti. Ule mvumo wa chini, unaotoka kifuani mwa mzee na kumfikia mtoto aliyekaa hatua mbili, simu haiuchukui.

Zeze watu wengi nchini wanalijua kupitia Wagogo wa Dodoma, hasa marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kulifikisha zeze Ulaya kabla ya kufariki 2003. Ni uzi unaosuguliwa kwa upinde mdogo, ukatoa sauti inayokaribia ya mtu anayelia kwa staha. Mtoto akiisikia mara ya kwanza hugeuka kutafuta nani analia. Kugeuka huko ndiko tunakokutaka. Mtoto aliyezoea sauti zinazotoka kwenye kisanduku cheusi hageuki kutafuta chochote, kwa sababu anajua hakuna mtu.

Hapa mwalimu wetu wa madrasa, aliyekuwa anatupinga, ndiye aliyetupa hoja nzuri kuliko zote, ingawa hakukusudia. Alikuwa anawalalamikia wazazi wanaowafungulia watoto visomo vya simu wakidhani wamemaliza. Akasema makharija hayafundishwi kwa simu. Mtoto wa chuoni lazima auone mdomo wa ustadhi, ulimi unagusa wapi, pumzi inakatwa wapi, na ustadhi naye amsikie mtoto na amrudishe papo hapo. Ndivyo Qur'ani ilivyopokewa, mdomo kwa sikio, kizazi kwa kizazi. Mbele ya haki, hatulinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na kibuyu cha mtu. Astaghfirullah. Tunachosema ni kwamba sisi Waislamu, kuliko watu wote, tulipaswa kuelewa haraka kwamba kuna elimu haihami ila mtu akae mbele ya mtu. Mwenzetu aliguna, akasema sawa, lakini tusimgeuzie maneno yake.

Tuje kwenye dini, maana ndiko dada yetu alikokwama, na hatutaki kupita kwa kunyatia.

Wanavyuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamezikataza ala za nyuzi, na wakairuhusu dufu harusini na Idi. Wanategemea hadithi iliyomo kwa Bukhari inayowataja watakaohalalisha ala za muziki pamoja na ulevi na zinaa. Wapo walioona vingine. Ibn Hazm wa Andalusi aliitia kasoro isnadi yake na akaona ala hizo zinajuzu. Na sote tunaijua ile ya Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, vijana wawili wa kike walipokuwa wakiimba nyumbani kwake siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akakemea, na Mtume (s.a.w.) akataka waachwe kwa kuwa ni siku ya furaha. Anayeshikilia katazo kuhusu nyuzi atakwambia waliokuwa nao ni dufu, si udi, na atakuwa amesema kweli.

Sisi si mamufti. Mwanamke ambaye nyumba yake imesimama juu ya kauli ya katazo, na moyo wake umetulia hapo, hatuna neno naye. Amwombee mwanawe ruhusa kwa mwalimu mkuu kwa adabu, na skuli nayo imheshimu. Tunaosema nao ni wengine, nao ndio wengi kuliko tunavyokiri. Ni sisi tunaolipa taarab harusini, tunaopanga foleni ya kutunza, ambao simu zetu zinaita kwa nyimbo, watoto wetu wanacheza ngoma za mitandaoni sebuleni na sisi tunawarikodi, halafu mzee wa watu akileta kibuyu skulini ndipo tunakumbuka fatwa. Hapo si dini inayosema. Tuwe wakweli: hapo ni kudharau. Tunaona cha Kiarabu kina nasaba na cha Kisukuma ni cha kishenzi. Uzi ni uzi. Ukiwa umeuhalalisha ukumbini kwako kwa maelfu ya shilingi, usiuharamishe chini ya mti wa Bariadi.

Sasa yale mambo mawili ya kuuliza.

La kwanza ni dawa. Tunalisema bila kuwavunjia heshima Wasukuma, maana wao wenyewe ndio wanaolieleza. Vyama vyao viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vina asili kwa waganga wawili waliokuwa wakishindana, na mashindano yake yamekuwa yakiendana na dawa za kuvuta watazamaji. Mila hizo mtu anaweza kwenda kuzisoma Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa. Ukitoka Bariadi kwenda Mwanza unapita hapo. Lakini makumbusho ni mahali pa kusoma, na mtoto wa miaka kumi hajui kupambanua. Basi mama aulize: mzee anakuja kupiga ala na kuimba, au kuna kafara, hirizi, au kumwita mzimu yeyote? Kama ni nyimbo za kulima pamba, za ng'ombe, za kusifu mvua aliyoiteremsha Mola, mtoto akae asikilize. Kama kuna hayo mengine, mtoto asiende, na hapo hatuna mjadala. Tauhidi haina kipindi cha majaribio.

La pili ni dogo lakini sisi wanawake tunalijua uzito wake: watoto wa kike watakaa wapi? Mara nyingi skulini wavulana hujazana mbele, wasichana wakasimama nyuma wakichungulia mabegani. Ikiisha, mvulana mmoja anaitwa ajaribu kupiga, wanapigiwa makofi, wanarudi darasani. Binti wa dada yetu atakuwa amesikia kwa mbali na hakuona kitu. Aombe wasichana wapewe mkeka wao mbele, na mmoja wao naye akishike kijiti.

Tunalishikilia hili la pili kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, na huko ndiko watu wanakoanzia kuisimulia taarab ya Unguja. 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Wote wanaume. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba, alipopanda mpaka akafika Bombay 1928 kurikodi sahani za santuri, sauti ilikuwa yake, na nyuzi zilikuwa mikononi mwa wanaume waliomzunguka. Mwanamke wa kisiwani amekuwa akiimba kwa zaidi ya miaka mia, na uzi hakushikishwa. Ilikuja kuonekana ajabu 2009 Bi Mariam Hamdani alipoanzisha Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu, na tukawaona dada zetu waliojistiri wakipiga wenyewe. Sisi tuliokuwa pale hatukutazama nguo wala kusikiliza mashairi. Tulikuwa tunatazama vidole. Mmoja wetu alikuwa na miaka zaidi ya thelathini na ndiyo kwanza anauona udi kwa karibu, mgongo wake wa mviringo kama nusu ya boga, shingo yake isiyo na alama ya kukuonesha uweke kidole wapi. Wote tunajua udi wa kufukiza tangu tumboni. Udi wa kupiga tulikuwa tunausikia redioni.

Na hapa ndipo tunapotaka kugeuka kutoka Bariadi tuje nyumbani, maana barua ya dada yetu ilituumbua. Mwanawe Bariadi atauona uzi ukipigwa. Wetu je, wa Jang'ombe, wa Mwanakwerekwe, wa Chake?

Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichoanza 2002, kinachofundisha udi, ganuni, fidla na vinginevyo. 2019 nusura kifungwe kwa ukosefu wa fedha. Kila Februari kuna tamasha la Sauti za Busara. Alhamdulillah. Lakini mtoto wa skuli ya kawaida anapita Forodhani akasikia fidla kwa mbali kutoka hotelini, ikipigiwa mgeni. Ala imekuwa ya mgeni, yeye mwenyeji anaisikilizia dirishani.

Harusini, ambako zamani ndiko mtoto alikosomea, tumeiua wenyewe. Tangu miaka ya tisini rusha roho ilipokuja, kinanda cha umeme kimekula fidla, kimekula ganuni, na ngoma zenyewe zimo ndani yake. Mtu mmoja na vitufe. Kichekesho ni kwamba neno kinanda lenyewe zamani lilikuwa jina la ala ya nyuzi. Sasa limepewa kile kilichozifukuza. Hatusemi rusha roho si tamu. Tumeicheza, na wengine miongoni mwetu tumetunza mpaka nauli ya kurudi ikaisha. Ila mtoto aliyekaa chini ya spika ya ukumbini hapati kitu. Sauti ni kubwa kuliko kifua chake, na hakuna kidole cha kutazama.

Kabla ya hapo kulikuwa na kidumbak. Fidla moja, vidumbak viwili, cherewa, na sanduku. Sanduku! Sanduku la chai lililopinduliwa, fimbo na kamba moja. Ukiivuta fimbo kamba inakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Hakuna somo la fizikia lililo wazi kuliko hilo. Mtoto yeyote wa darasa la nne akiliona mara moja, jioni atakuwa nyuma ya nyumba na ndoo na kamba ya kuanikia nguo, na mamake anapiga kelele. Wazee wetu hawakuhitaji kununua ala kutoka Misri. Walikuwa na sanduku la chai, kama alivyo mzee wa Kisukuma na kibuyu chake.

Kwa hiyo mabiharusi wetu wapenzi, hapa tunawaomba nyinyi. Tunajua bajeti, tunajua ukumbi, mapambo, piko, mpambaji anayeandikiwa miezi sita kabla. Hatuwaambii muache mnachokipenda. Tunaomba nusu saa. Baada ya Asri, kabla wakubwa hawajaingia na spika hazijawashwa, muite mpiga udi au fidla mmoja, na kama mnataka usitiri kamili mtafute mwanamke. Wakalishwe watoto wa harusi mkekani, wale mnaowavalisha nguo za sare kisha mnawafukuza wasiharibu mapambo. Apige kasida wanazozijua kutoka chuoni, halafu awaoneshe anavyokaza nyuzi. Awaache waguse. Ikiingia Magharibi, kila mtu akasali, na harusi yenu iendelee mlivyoipanga. Gharama yake haifiki ya keki.

Na nyinyi walimu wa skuli mnaotusoma, tunajua mpo: huko Bara mtaala wa skuli za msingi wa 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo yule mzee wa Bariadi ana mlango rasmi wa kuingilia. Huku kwetu msisubiri waraka. Mpiga ganuni hahitaji jukwaa. Anahitaji kiti, mapaja ya kuilaza ala yake, na darasa lililonyamaza. Nyuzi za ganuni zinapita sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kuzikaza tu ni kazi ya muda mrefu. Waacheni watoto wakione hicho nacho, ule ukazaji wa kuchosha kabla hata wimbo haujaanza, wapate kujua kwamba utamu una kazi nyuma yake. Kule Uingereza, Yehudi Menuhin, bingwa wa fidla, alianzisha Live Music Now mwaka 1977 ili wanamuziki vijana wawaendee watu pale walipo. Sisi tuna wazee wapigaji wanaokaa barazani mchana kutwa na hawajaitwa skulini hata siku moja. Tunawaita wakifa, kwa khitima. Mpeni mzee nauli, mpeni bahasha ndogo. Asiende akala upepo kwa kuwa eti ni heshima kuitwa.

Kuna atakayesema watoto wana njaa, madarasa yamejaa, nyinyi mnazungumza kibuyu. Tumelisikia hilo, na hatuna jibu kubwa. Skuli ya Simiyu inataka madawati, maji na vyoo vya wasichana kabla ya zeze. Lakini mzee yuko kijiji cha pili, ala ni yake, mti uko uwanjani, na asubuhi hiyo haikuchukua dawati la mtu.

Dada yetu amekwisha kuzungumza na mwalimu mkuu. Kuhusu dawa, mwalimu alicheka kwanza, kisha akamhakikishia kwamba ni nyimbo za shamba tu. Kuhusu mkeka wa wasichana, amekubali. Jirani bado hajakubali mwanawe aende, na wameendelea kupeana chumvi kama kawaida. Tumemwomba amtume binti yake amwamkie mzee kwa Kisukuma, "mwangaluka", kisha amuulize uzi wa ndono siku hizi anautoa wapi, kama bado ni wa mshipa wa ng'ombe au wa waya. Akituletea jibu tutawaambia, inshaallah.